Safari ya Pili ya Mpiga Picha

Uhakiki wetu wa Kiswahili umezoea kukaa na maneno. Tukipewa utenzi, twajua pa kuanzia. Tukipewa riwaya, twauliza habari za wahusika, mandhari na lugha. Lakini tukipewa picha ya kamera twageuka wageni. Twasema ni nzuri au si nzuri, kisha twaifunika. Jambo hili ni la ajabu, kwa maana picha nayo ina mtunzi na ina msomaji, tena ina wahusika ambao, tofauti na wale wa riwaya, walisimama hai mbele ya mtunzi wao wakavuta pumzi. Katika makala haya nataka kuzihakiki picha za Nyanda za Juu za Kusini, yaani nchi ya Iringa na Mbeya, zilizopigwa na watu waliokuwa safarini. Nauliza mpiga picha msafiri huipata wapi ilhamu yake, na sisi tuipime kazi yake kwa kipimo gani.

Jibu jepesi ni kwamba ilhamu hutoka katika safari yenyewe. Mtu huacha joto la pwani, hupanda Kitonga, huona mawingu yakilala chini ya miguu yake, na mkono wake huiendea kamera. Ndivyo wasemavyo wapiga picha wenyewe, na ndivyo wasemavyo vijana wa siku hizi ambao, wakiwa na simu zenye uwezo wa kupiga picha elfu kwa siku, wamezirudia kamera za filamu zenye picha 36 tu. Watakutajia nguzo za mawe za Isimila, jiwe la Gangilonga, ukungu wa Kitulo, na maji ya Ngosi yaliyofichwa ndani ya mlima. Sikatai hata moja. Walakini njia haiji bure. Kuna aliyeikata, kuna aliyeilipia, na kuna aliyebeba mzigo. Na kila mmoja wao huacha alama katika picha hata kama haonekani.

Nianze na daktari. Friedrich Fülleborn alizaliwa mwaka 1866 na akafa Hamburg mwaka 1933, baada ya kufikia cheo cha mkuu wa taasisi ya maradhi ya nchi za joto katika mji huo. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 alikuwa daktari wa jeshi la Wajerumani katika nchi hii, na alishiriki katika msafara wa kitaalamu wa Nyasa na milima ya Ukinga, uliogharimiwa na wakfu mmoja wa Berlin. Mwaka 1902 alitoa kitabu juu ya maumbile ya miili ya watu wa kaskazini mwa Nyasa. Mwaka 1906 kikafuata kitabu chake kikubwa juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma, pamoja na atlasi ya picha. Humo wamo Wahehe, Wabena, Wakinga na Wanyakyusa, ambao yeye, kwa desturi ya Wajerumani wa wakati ule, aliwaita Wakonde.

Msomaji akizipitia picha hizo kwa utulivu ataona kwamba zina chemchemi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni rula. Mtu amesimamishwa akitazama mbele; kisha mtu yule yule amegeuzwa upande. Hapana tabasamu, hapana kazi mkononi, hapana jamaa kando yake. Hii si picha ya mtu, bali ni picha ya kipimo, na mtu ameitwa aje akishikilie. Watu wa elimu ile waliamini kwamba taifa lingeweza kusomwa katika pua na paji la uso. Elimu hiyo imekwisha kuanguka, na wajukuu wa waliopimwa wameiona ikianguka; picha zake zimebaki.

Chemchemi ya pili ni bustani. Kabla ya Fülleborn kufika, Mskochi Joseph Thomson alikuwa amepita katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879, na katika kitabu chake cha mwaka 1881 aliisifu kwa maneno ya mtu aliyefika peponi kabla ya kufa: migomba, nyumba safi za mianzi, nyasi fupi, ng'ombe walionona. Tangu hapo kila Mzungu aliyeteremka kutoka Poroto kuelekea ziwani alikuwa ameshaiona nchi hiyo katika kitabu kabla ya kuiona kwa macho. Fülleborn naye anaipiga kana kwamba anathibitisha habari aliyokwisha isikia. Nyumba imewekwa katikati, migomba imeizunguka kama fremu, na watu, ikiwa wapo, ni wadogo kama mapambo. Nakiri kwamba baadhi ya picha hizi ni nzuri kwelikweli. Jicho lake kwa umbo la nyumba ni jicho la fundi, na mtu wa leo atakaye kujua namna paa la Kinyakyusa lilivyosukwa hana budi kumshukuru daktari huyu. Lakini uzuri wake ni uzuri wa mtu anayetazama kutoka uani. Hajakaribishwa ndani.

Na Uhehe je? Hapa bustani inatoweka. Tukumbuke ni miaka gani. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilivunjwa tarehe 30 Oktoba 1894. Boma jipya la Iringa likasimamishwa mwaka 1896. Mkwawa akafa tarehe 19 Julai 1898 baada ya kuwindwa kwa miaka minne, na kichwa chake hakikurudi Kalenga ila mwaka 1954. Katika hali kama hiyo, askari mwenye kamera angepata ilhamu gani? Alipata ile aliyokuja nayo: Mhehe ni shujaa, Mhehe ni mkuki na ngao. Hivyo basi watu wawili majirani, ambao wote wawili walilima, wote wawili walifuga, wote wawili walipigana, wakagawanywa katika picha, mmoja akapewa bustani na mwingine akapewa vita. Mgawanyo huo haujaisha. Hata leo msomaji ataukuta katika kalenda na katika vijitabu vya watalii.

Katika semina moja niliwaonyesha wanafunzi picha za namna hii. Kijana mmoja mwenyeji wa Rungwe aliitazama nyumba na migomba yake kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, hapa ni mwezi gani?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana swali lake lilikuwa uhakiki bora kuliko wote uliotolewa siku hiyo. Mji wa Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa katika Tanzania. Mvua ndiyo iliyofanya migomba ile, na mvua ndiyo iliyoombwa katika kichaka kitakatifu cha Lubaga. Katika picha, mvua hakuna. Anga ni jeupe, njia ni kavu, vivuli vimekatwa kama kwa kisu.

Sababu yake si siri. Misafara ilipenda kiangazi, kwa kuwa mito ilivukika na wapagazi hawakuteleza. Picha za zama zile zilipigwa juu ya vioo vilivyopakwa dawa, ndani ya sanduku la mbao lililosimamishwa kwa miguu mitatu. Vioo ni vizito na huvunjika. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu kilo 30, na unyevu ulikuwa adui wa dawa ile. Jua likipungua, picha haikutoka. Basi mpiga picha alitembea wakati wa jua, akapiga wakati wa jua, akafunga sanduku lake jioni. Kwa hiyo atlasi nzima haina masika, haina ukungu, haina moto wa jikoni, haina usiku wa hadithi. Lakini mtu wa Nyanda za Juu, ukimwuliza nchi yake ni nini, ataanza na baridi na moto! Ndipo nasema kwamba ilhamu ya msafiri huyu iliongozwa na kalenda ya wapagazi kuliko na nchi aliyoipitia. Nao wapagazi, walioamua ni mwezi gani picha zipigwe kwa kukubali au kukataa kuvuka mto, hakuna ajuaye majina yao.

Majina ndiyo yanayonikera zaidi. Katika nyasi za nyanda zetu yuko ndege mwenye kifua cha manjano na ukanda mweusi, ambaye katika lugha ya wataalamu huitwa *Macronyx fuelleborni*. Katika misitu yuko mwingine, mweusi, *Laniarius fuelleborni*. Ndani ya Ziwa Nyasa, katika miamba, yuko samaki aliyepewa jina lile lile. Jina la daktari limeruka, limeimba, limeogelea. Mtu aliyesimama mbele yake akapigwa mbele na upande ameitwa "mwanamume wa Kikonde".

Baada ya daktari alikuja mfanya biashara. Walther Dobbertin, aliyezaliwa Berlin mwaka 1882, alikuwa na duka la picha Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akasafiri bara, akawa askari wakati wa vita, na picha zake nyingi sasa zimo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani, ambayo mwaka 2008 ilizifungua nyingi kwa watu wote kuzitazama kwa njia ya intaneti. Sitakaa naye sana. Ni fundi kuliko Fülleborn, mikono yake ni miepesi, lakini chemchemi yake ni kadi ya posta: alijua mnunuzi anataka nini, akampa. Hata hivyo ni yeye ambaye vitabu vyetu na blogu zetu humkopa kila siku bila kumtaja, na bila kujiuliza kadi ile iliandikiwa nani.

Mambo hubadilika tunapofika kwa Godfrey na Monica Wilson. Hawa walikuwa wataalamu wa mila, mume na mke, walioishi miongoni mwa Wanyakyusa kwa vipindi mbalimbali kati ya mwaka 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica akaendelea kuziandika kumbukumbu zao peke yake, kitabu baada ya kitabu: 1951, 1957, 1959, hata 1977. Hawakuwa wapiga picha kwa kazi, na picha zao, kwa ufundi, ni dhaifu. Lakini zina kitu ambacho daktari hakukipata kwa vioo vyake vyote, nacho ni watu waliomsahau mpiga picha. Twawaona wakilima, wakikaa pamoja, wakiwa katika shughuli zao wenyewe.

Hilo lilitoka wapi? Sehemu moja ya jibu ni muda. Sehemu nyingine ina jina, na nafurahi kulitaja: Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wa Godfrey. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 juu ya Monica Wilson na wakalimani wake umeonyesha wazi kwamba kazi ya mtu kama Mwaisumo ilizidi kutafsiri maneno. Aliandika, alieleza, alipeleka watu kwa watu. Hata neno ambalo Monica alilifanya moyo wa kitabu chake cha mwaka 1951, *ukwangala*, yaani raha ya kukaa pamoja na wenzako wa rika katika mazungumzo na ukarimu, ni neno la wenyeji na halikutoka Cambridge. Ukiisha kulijua neno hilo, utajua kwa nini katika picha zile watu wamekaa karibu karibu. Mpiga picha amefundishwa mahali pa kutazama. Huu ndio ushahidi wangu kwamba ilhamu ya msafiri, ikiwa njema, huwa ni mkopo, na mkopo una mwenyewe.

Lakini picha hizo nazo zilikwenda Afrika Kusini, na hazina za akina Wilson zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Walioonekana ndani yake, kwa sehemu kubwa, hawakuzipokea mkononi.

Ndipo nafika kwa mpiga picha ninayemtaka, ambaye atlasi haimjui. Kila aliyekulia katika vijiji vya Njombe, Mufindi, Mbozi au Rungwe kabla simu hazijaingia anamfahamu. Alikuja kwa baiskeli, kamera imefungwa katika kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki, daftari mfukoni. Hakuja wakati wowote. Alikuja baada ya watu kuuza pareto, au kahawa, au mahindi; alikuja kwenye kipaimara na harusi; alikuja Krismasi na Pasaka. Alikuwa na filamu moja ya picha 36, na alihesabu kila moja, maana filamu ilikuwa ghali na bado kulikuwa na gharama ya kuisafisha mjini. Alipokea kianzio, akaandika jina la mtu na kitongoji chake, kisha akaondoka. Baada ya majuma mawili au matatu alirudi na bahasha.

Katika kurudi huko ndipo nilipoweka msingi wa hoja yangu yote. Fülleborn alikuwa na safari moja, ya kwenda. Alipiga, akaenda, na kazi yake ikaanza maisha mbali na waliomo. Mpiga picha wa baiskeli alikuwa na safari mbili. Asiporudi hakulipwa salio. Na akirudi na picha mbaya alikutana uso kwa uso na mhusika wake, mbele ya majirani. "Umenikata miguu." "Mbona mtoto amefumba macho?" "Hii si rangi yangu." Ni mwandishi gani wa riwaya aliyewahi kuhakikiwa hivyo na wahusika wake?

Safari ya pili hubadili safari ya kwanza. Mtu ajuaye kwamba atarudi hupiga kwa namna nyingine. Humngoja mama aende kubadili kanga. Humruhusu kijana aazime koti la kaka yake, abebe redio, au auinue mkono wenye saa ili saa ionekane. Hapo ilhamu haitoki kwa mpiga picha hata kidogo, bali hutoka kwa anayepigwa. Pozi, kama watu wasemavyo, ni utungo wa mwenye mwili. Mpiga picha ni mwandishi wake. Na nyuma ya picha, kwa kalamu ya wino wa bluu, mtu mwenyewe ameandika jina lake, tarehe, na maneno mawili matatu kwa yule atakayetumiwa. Linganisha na "mwanamume wa Kikonde".

Najua wenzangu watanipinga, na pingamizi lao lina uzito. Watasema: picha hizo zote ni moja. Watu wamesimama wima kama milingoti, jua la saa sita limewatia kiza machoni, na nyuma yao ni ukuta ule ule wa matofali ya kuchoma. Ni kweli. Nimeona maelfu yake na nyingi hazina cha kusifiwa. Filamu za rangi zenyewe kwa miaka mingi zilisawazishwa kwa kipimo cha ngozi nyeupe, hata uso mweusi ukamezwa na kivuli, na fundi wa kijijini hakuwa na la kufanya. Wala sitaki kumfanya mtu huyu kuwa malaika. Wapo waliochukua kianzio wasionekane tena. Lakini pingamizi lile lasahau kwamba hata mashairi yetu hufuata arudhi moja kwa karne nyingi, na hatusemi kwamba yote ni shairi moja. Katika umbo lililofungwa, badiliko dogo hubeba maana kubwa. Kati ya picha kumi za wanandoa waliosimama wima, mmoja amegusa kwa kidole kimoja ukingo wa gauni la mkewe. Msomaji mwenye subira ataona shairi liko pale.

Wengine watasema nimemwonea Fülleborn, kwa kuwa namhukumu kwa desturi ambayo zama zake hazikuijua. Hapana. Simhukumu kwa kutorudi, bali naitumia safari ya pili kama kipimo cha kusomea alichotuachia. Picha ambayo mhusika wake hakuiona ni kama barua aliyoandikiwa mtu mwingine juu yako. Yafaa kusomwa, tena kwa makini, lakini haifai kutundikwa ukutani kana kwamba wewe ndiwe uliyeitia sahihi. Wako watakao picha hizo zifichwe kwa sababu ya ukoloni wake. Mimi sikubaliani nao. Wako wazitumiao kama ushahidi mtupu wa jinsi "tulivyokuwa". Hao siwakubali zaidi. Zitundikwe, lakini maelezo yake yaseme zilipigwa na nani, akiwa katika kazi gani, katika mwezi gani kama unajulikana, na kwamba jina la aliyepigwa halikuulizwa.

Kwa vijana wa kamera za filamu wanaopanda Kitonga leo nina maneno machache, kwa sababu kazi zao nyingine zanipendeza. Wamejifunza tena kuhesabu picha 36, na hesabu hiyo huleta adabu ya jicho. Ukungu, ambao Fülleborn aliukimbia, wao wanaufuata, na hilo ni jambo jipya katika historia ya picha za nchi hii. Lakini wengi wao hupiga mzee wa Matamba au mama muuza viazi wa Uyole, humshukuru, hushika basi, na picha huonwa Dar es Salaam na Berlin kabla ya kuonwa Uyole, ikiwa itaonwa Uyole. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni kama kilomita 330 za lami. Mtu wa baiskeli hakuwa na lami.

Jengo la kale la Boma la Iringa ni makumbusho tangu mwaka 2016, na ndani yake mna habari za Mkwawa na za ukoloni. Sidhani kwamba pangekosekana kabati moja kwa ajili ya bahasha za mtu wa baiskeli. Studio za miji yetu zilipofungwa mmoja mmoja baada ya kamera za kidijitali na simu, filamu zilizosafishwa zilitupwa kwa magunia. Zilizosalia zimo katika masanduku ya bati, chini ya vitanda vya wajane na watoto wa mafundi wale. Humo zimo pia picha ambazo wenyewe hawakuzijia: mtu alihama, au alifariki, au alikosa salio. Fundi hakuzitupa, kwa kuwa zilikuwa za mtu, na jina lake limeandikwa nyuma pamoja na kitongoji.